Barua zenu kuhusu makasia: baada ya mguu kukatwa

Katika toleo lililopita nilisimulia namna nilivyokatwa mguu wa kushoto, juu ya goti, nikiwa na miaka 24, na safari iliyonifikisha kwenye mashua ya watu wanne na nahodha wao. Sikutegemea barua nyingi kiasi hiki. Moja nimeisoma nikilia, na aliyeiandika atajijua. Siwezi kujibu zote hapa, kwa hiyo nimechagua zinazouliza yale ambayo wengi wenu mmeyauliza kwa maneno tofauti. Majina nimeyaacha, kama mlivyoomba.

Shikamoo dada. Nina miaka 21. Mwaka jana nilikatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Nilikuwa beki, na mpira ndio yalikuwa maisha yangu. Nimesoma habari zako nikajiona mimi. Nianzie wapi, na nitawekwa daraja gani?

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mguu, na pole kwa mpira. Najua hizo ni pole mbili, na watu wengi wamekupa moja tu.

Swali lako la pili ndilo linalotangulia, kwa hiyo naanza nalo. Mchezo wetu, makasia ya watu wenye ulemavu, una madaraja matatu. PR1 ni la mtu anayevuta kwa mabega na mikono, kwa sababu kiwiliwili hakimtii au kinamtii kidogo sana. PR2 ni la mtu ambaye kiwiliwili chake kinafanya kazi, anaweza kuinama mbele na kujivuta nyuma, ila miguu haiwezi kusukuma kiti. PR3 ni la mtu ambaye bado ana nguvu ya mguu, au miguu, ya kusukuma kiti kinachoteleza juu ya reli zake. Humo pia wamo wenye uoni hafifu. Katika PR1 na PR2 kiti kimekazwa, hakisogei. Wewe umekatwa mguu mmoja na goti lako lipo. Kwa niliyoyaona miaka hii yote, wa namna yako huwa PR3, lakini neno la mwisho ni la wapangaji madaraja, si langu wala la kocha wako.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinila karibu mwaka mzima. Klabu niliyoanzia ilinipokea kwa moyo mweupe. Siku ya kwanza kocha aliniangalia, akaona mguu mmoja, akaniketisha kwenye kiti kilichokazwa na kunifunga mkanda wa mapajani. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kusukuma. Mimi nami sikuuliza, maana nilikuwa mgeni, na mgeni mwenye shukrani hulala pale alipotandikiwa. Kwa miezi kumi na mmoja nilivuta kwa mgongo na mikono. Ilipofika siku ya kupangwa daraja, mtaalamu wa viungo alinilaza kitandani, akaweka kiganja chake chini ya unyayo wangu wa kulia, akasema, "Sukuma." Nikasukuma. Akarudia. Kisha akamgeukia mwenzake na kumwambia kwamba huyu ni PR3, na wote wawili wakanitazama kama watu wanaotaka kuuliza nilikuwa wapi.

Nilipaswa kufurahi. Lakini mwili wangu ulikuwa umeshafundishwa mchezo mwingine. Kwenye kiti kilichokazwa, pigo linaanzia kwenye kiwiliwili. Kwenye kiti kinachoteleza, mguu unatangulia, mgongo unafuata, mikono inamalizia. Kila nilipoingiza kasia majini, mgongo uliwahi na mguu ukabaki nyuma. Ilinichukua misimu miwili kuuzoesha mguu utangulie, na mpaka leo nikichoka sana kosa lile hurudi.

Kwa hiyo utakapofika klabuni, kabla hujakaa popote, sema: nina goti, nina paja, nataka kujaribu kiti kinachoteleza. Mwombe anayekutibu viungo akuandikie barua inayoeleza nguvu iliyobaki kwenye nyonga, paja na goti; barua hiyo itakusaidia kwa kocha sasa na kwa wapangaji madaraja baadaye. Anza kwenye mashine ya makasia, halafu mashua pana ya mafunzo na makasia mawili, moja kila mkono. Na shika neno hili moja kuliko mengine yote nitakayoyaandika leo: mashua hurekebishwa imfuate mtu. Kiti husogezwa, ubao wa miguu hubadilishwa mwinamo, vilete vinavyoshika makasia hupandishwa na kushushwa. Ukiona wewe ndiye unayekunjwa ili uifuate mashua, simamisha zoezi, uulize.

Kuhusu mashindano, mbio zetu ni za mita 2000, sawa na za wapiga makasia wengine wote. Zamani zilikuwa mita 1000. Mabadiliko yalikuja mwaka 2017. Kwenye Paralimpiki makasia yaliingia Beijing mwaka 2008. PR3 ilikuwa na mashua moja tu, ya wanaume wawili, wanawake wawili na nahodha, hadi Paris 2024 ilipoongezwa mashua ya wawili, mwanamume na mwanamke. Una mashua mbili za kuzitamani. Na mapaja ya beki hayapotei upesi, yatunze.

Mimi nimekatwa miguu yote miwili juu ya goti. Dada yangu anasema makasia ni ya wenye miguu na nitajiumiza moyo bure. Ni kweli?

Si kweli, na nakuomba umsomee dada yako jibu hili kwa sauti.

Oksana Masters alizaliwa Ukraine mwaka 1989 na kasoro za viungo zinazohusishwa na mionzi ya Chernobyl. Alilelewa Marekani na mama aliyemchukua kutoka kituo cha watoto yatima. Mguu mmoja ulikatwa akiwa na miaka 9, wa pili akiwa na miaka 14, na makasia aliyaanza akiwa na miaka 13, yaani katikati ya kukatwa mguu wa kwanza na wa pili. London 2012 aliingia majini na Rob Jones, mwanajeshi aliyepoteza miguu yote miwili Afghanistan mwaka 2010. Watu wawili, miguu minne iliyokatwa, na wakatoka na medali ya shaba. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Jones ajeruhiwe.

Gregg Stevenson wa Uingereza naye alipoteza miguu yote miwili Afghanistan, mwaka 2009. Paris 2024 alitwaa dhahabu ya PR2 pamoja na Lauren Rowles, mwanamke ambaye ugonjwa wa uti wa mgongo ulimlemaza miguu akiwa na miaka 13. Hebu hesabu mwenyewe miaka kati ya 2009 na 2024.

Na kuna Asiya Mohammed Sururu wa Kenya, aliyepoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka miwili. Alishindana kwenye Paralimpiki ya Tokyo peke yake katika mashua ya PR1. Namtaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni heshima. Ya pili ni kwamba yeye alikuwa PR1 na hao wengine walikuwa mashua ya wawili. Kwa hiyo usijipangie daraja kwa kutazama picha ya mtu mwenye miguu kama yako. Wapangaji huupima mwili mzima: kiwiliwili, mabega, mikono, vidole.

Kitakachokusumbua mwanzoni ni jambo ambalo makocha wengi hawalifikirii. Miguu ni mizito. Mpiga makasia hukaa akitazama tezi, yaani nyuma ya mashua, miguu ikielekea huko. Ukiitoa miguu, uzito wote unahamia upande wa omo, yaani mbele ya mashua. Omo inazama kidogo, tezi inanyanyuka, na mashua inakuwa nzito kuiendesha. Kiti chako kinapaswa kusogezwa kuelekea tezi hadi mashua ilale sawa juu ya maji. Mwambie kocha akutazame kutoka ubavuni, si kutoka nyuma, naye ataliona. Jambo la pili ni mkanda wa mapajani: bila uzito wa miguu, ukivuta kwa nguvu nyonga zinainuka kitini na nguvu yote inapotea hewani. Mkanda uwe mpana, ulale juu ya vigutu bila kuvibana ncha.

Nivae mguu bandia mashuani au nivue? Nimejaribu kwenye mashine nikiwa nimeuvaa, na nikisogea mbele unachomoka. Pia nyuma ya goti panachubuka.

Nimelipata swali hili mara nyingi kuliko yote, na nina mengi ya kusema.

Mimi nimekatwa juu ya goti na huvua. Goti bandia likiachwa huru linapigapiga. Likifungwa linaufanya mguu kuwa mti ulionyooka usio na pa kwenda. Kigutu changu hulala juu ya sponji ngumu yenye mkanda laini, na mguu wa kulia unasukuma peke yake. Najua wenzangu waliokatwa juu ya goti ambao huvaa na wanakwenda vizuri. Jaribuni yote mawili kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua.

Wewe umekatwa chini ya goti, na wengi wa namna yako huvaa, kwa sababu goti lako mwenyewe linafanya kazi na lingekuwa hasara kuliacha bure. Shida yako ya kuchomoka inaeleweka ukifikiria pigo lenyewe. Ukiisha kuvuta, unarudi mbele kwa kujivuta kidogo na nyayo zilizofungwa kwenye ubao wa miguu. Mguu wa kawaida unavutwa kwenye kifundo. Mguu bandia unavutwa kwenye kikombe chake, yaani sehemu kigutu kinamoingia, nao unashikwa na nini? Kama ni kamba ya goti au soksi tu, utachomoka kila mara. Unahitaji kinachoushika kwa nguvu zaidi: soksi ya silikoni yenye pini ya kufungia chini, au mfuko wa mpira unaopanda hadi pajani na kuzuia hewa isiingie. Mpelekee fundi wa viungo bandia video yako ukiwa kwenye mashine. Mafundi wengi hawajawahi kumwona mpiga makasia. Wanajua kutembea na kukimbia. Video ya dakika moja itamwambia mengi kuliko maelezo yako ya saa nzima.

Kuchubuka nyuma ya goti ni ukingo wa kikombe. Kikombe cha kutembelea kinajengwa kwa goti ambalo kwa kawaida halikunjwi sana. Mashuani goti linakunjwa hadi paja linakaribia kifua, na ule ukingo wa nyuma unakata nyama kama kisu butu. Fundi anaweza kuupunguza kimo na kuukunja nje. Asifanye hivyo kwenye mguu wako wa kutembelea. Ukipata namna yoyote ya kuwa na mguu wa pili kwa ajili ya mazoezi, hata kikombe chako cha zamani kilichorekebishwa, fanya hivyo.

Halafu kifundo. Unapofika mbele kabisa, muundi unatakiwa usimame karibu wima, na hilo linawezekana kwa sababu kifundo cha mguu hukunjika na kisigino huinuka. Kifundo bandia cha kawaida hakikunjiki hivyo. Matokeo yake upande mmoja unafika mbele na mwingine unabaki, kiwiliwili kinapinda, na baada ya miezi mgongo unaanza kulalamika. Wengine huweka kabari chini ya kisigino bandia. Wengine huenda mbali zaidi: wanaondoa wayo kabisa, na bomba la mguu linafungwa moja kwa moja kwenye ubao wa miguu kwa bawaba inayofanya kazi ya kifundo. Niliyemwona akitumia bawaba hiyo alikuwa na pigo zuri kuliko sisi wote pale gatini.

Sasa ngozi. Hapa nakuomba uniamini bila kunijaribu. Wiki tatu kabla ya mchujo wa timu, mkanda ulinichubua kwenye ncha ya kigutu. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya maharage. Nilikiwekea bandeji, nikakificha kwa kocha, nikaendelea. Siku ya tisa nikaamka na homa, kigutu kimevimba, chekundu hadi karibu na nyonga. Mchujo uliendelea nikiwa kitandani, na nilikaa wiki sita bila kuvaa mguu wowote. Mwenzangu aliyechukua nafasi yangu alistahili, sina kinyongo naye. Lakini ile nafasi niliipoteza kwa siku tatu za mapumziko ambazo sikutaka kujipa.

Tangu hapo nina kioo kidogo kwenye begi. Asubuhi na usiku nakiangalia kigutu pande zote. Wekundu unaoondoka ndani ya dakika ishirini baada ya kuvua si tatizo. Usioondoka, siku hiyo sivai wala sifungi mkanda. Nafanya mazoezi ya mikono. Soksi ya silikoni naiosha kila siku kwa sabuni isiyo kali na kuikausha kabisa. Kigutu hakinyolewi karibu na siku ya mazoezi, vinyweleo vinaota ndani na kutengeneza majipu. Na ukipungua uzito kwa mazoezi, kigutu kinapungua nacho na kikombe kinalegea. Hapo ndipo vidonda vingi huanza, mtu akiwa katika ubora wake.

Mimi ni mama. Binti yangu ana miaka 16, alizaliwa na mguu mmoja mfupi ukakatwa akiwa mdogo. Anataka kujiunga na makasia, na nimeona picha za watu waliofungwa mikanda ndani ya mashua. Mama gani atakubali mtoto wake afungwe kwenye chombo kinachoweza kupinduka?

Shikamoo mama. Hofu yako ni ya haki, na mama yangu alikuwa nayo hadi siku aliyokuja kutazama.

Waliofungwa kifuani ni wa PR1, na mashua ya mtu mmoja ya PR1 lazima iwe na maboya mawili pembeni, mfano wa matengo ya ngalawa, ili isilale ubavu. Na mkanda wowote unaofungwa mwilini, wa kifua au wa mapaja, kanuni zinataka ufunguke mara moja kwa kitendo kimoja cha mkono. Kama binti yako ana mguu mmoja wenye nguvu, yaelekea hatafungwa kifuani kabisa. Kitakachofungwa ni kiatu, na kiatu cha mashuani kina kamba moja ambayo ukiivuta mguu unatoka.

Yeye mwenyewe, akiwa na kocha, atapinduliwa makusudi. Kabla ya kwenda kwenye maji makubwa hufanywa zoezi la kupinduka, mara nyingi kwenye bwawa la kuogelea: anakaa, anafungwa kama atakavyofungwa, mashua inageuzwa, anafungua, anatoka, anaishika mashua. Anarudia hadi mikono yake ifanye bila kufikiri. Siku hiyo nenda naye. Usikae getini, kaa ukingoni. Muulize kocha maswali matatu: je, boti ya uokoaji hufuatana na wanafunzi kila wanapotoka? Je, atavaa jaketi la kuokolea maisha katika kipindi chote cha kujifunza? Na mguu bandia, kama atauvaa, wameujaribu majini? Hili la mwisho ni zito, mama. Kuna miguu bandia iliyo tupu ndani, inaelea, nayo inaweza kumwinua mtu miguu juu kichwa chini. Ijulikane bwawani, isijulikane ziwani. Kocha atakayekereka na maswali haya, mchukue mtoto mrudi nyumbani mtafute mwingine.

Ninakoishi hakuna maji ya kupigia makasia. Kuna mashine ya makasia kwenye ukumbi wa mazoezi. Inatosha?

Inatosha kuanza, na kwa wengine inatosha kabisa, maana mashindano ya mashine ni mchezo kamili wenye ubingwa wake wa dunia, na madaraja ya PR yamo.

Ile swichi ya pembeni yenye namba 1 hadi 10, watu wote huisukuma hadi 10 wakidhani ndio nguvu. Iache kwenye 3 hadi 5. Ni kama gia ya baiskeli. Nguvu inatoka kwako. Kama kiti chako kinatakiwa kukazwa, kibanwe kwa vibanio juu ya reli, mbele na nyuma, na mtu mwingine akijaribu kwanza kwa kukaa. Kama unasukuma kwa mguu mmoja kama mimi, muombe mtu akupige picha ukitazamwa kutoka mbele. Mnyororo uende katikati, nyonga zisizunguke. Mimi nilikuwa nazungusha nyonga kila pigo bila kujua, na maumivu ya kiuno nikayahesabu kuwa uchovu. Mto mdogo chini ya kigutu ulimaliza habari hiyo kwa wiki moja.

Mita 2000 zangu za kwanza kwenye mashine zilinichukua dakika 10 na sekunde 12. Andika zako, na tarehe. Makocha wa timu huanza na karatasi hiyo.

Natumia tramadol kwa maumivu ya kigutu, daktari ndiye aliyeniandikia. Kuna tatizo?

Lipo. Tangu tarehe 1 Januari 2024 tramadol imepigwa marufuku wakati wa mashindano, na cheti cha daktari peke yake hakikulindi. Usiiache ghafla, kwa sababu mwili uliozoea unaweza kukusumbua vibaya. Rudi kwa daktari sasa, mwambie unataka kushindana, mpange dawa nyingine taratibu au muombe kibali maalumu cha matibabu kabla ya mashindano. Fanya hivyo hata kama mbio zako za kwanza ni za mwakani.

Siku ya kupangwa daraja hufanyika nini? Naogopa nitaonekana mzima sana.

Wanakuwa wawili, mmoja wa tiba na mwingine anayeujua mchezo. Wanasoma barua zako za hospitali, wanapima nguvu na mwendo wa viungo ukiwa kitandani, wanakutazama kwenye mashine, na wanaweza kukutazama ukiwa majini. Njoo na kila unachokitumia: mguu, mikanda, sponji, hata kabari.

Kuhusu kuonekana mzima, nakuelewa, maana katika maisha mengine yote tumezoea kuthibitisha kwamba tunaweza, na siku hiyo tunaombwa kuonyesha tusichoweza. Inachosha roho. Lakini vuta kwa nguvu zako zote. Kujifanya dhaifu ni kosa lenye adhabu ya kufungiwa, na zaidi ya hapo, utawekwa kwenye kiti ambacho si chako. Mimi nilikaa kwenye kiti kisicho changu bila kukusudia, na nimewaeleza gharama yake.

Nina miaka 41. Nimechelewa?

Hapana. Hiki ni mchezo wa mapafu na uvumilivu, na vyote viwili hujengwa. Pima moyo na shinikizo la damu kwanza, kisha anza taratibu kuliko kijana wa pale juu.

Swali langu si la mchezo. Mguu wangu uliokatwa bado unaniuma, vidole ambavyo havipo vinajikunja usiku. Je, makasia yalikuondolea?

Hayakuondoa, ndugu yangu, na sitakudanganya. Miaka ya mwanzo yalinizidishia: nikivuta sana jioni, usiku vidole vya kushoto vilikuwa vinawaka. Nilijifunza kupoza mwili polepole baada ya mazoezi, kukikanda kigutu, na kulala nimekivalisha soksi ya kubana. Yamepungua. Kuna wiki nzima hupita bila chochote, halafu hurudi usiku mmoja bila sababu.

Lakini kuna kitu kingine kilitokea ambacho sikuambiwa na daktari yeyote. Ulikuwa msimu wa tatu, ule ambao mguu wa kulia hatimaye ulianza kutangulia mgongo. Tulikuwa wanne, maji yametulia, nahodha anahesabu. Katika pigo moja nikahisi unyayo wa kushoto umekanyaga ubao. Si maumivu. Unyayo, kisigino, na kidole gumba, vimebonyea mbaoni sawasawa na vya kulia. Nilitazama chini. Palikuwa na sponji na mkanda. Nikarudisha macho kwenye mgongo wa mwenzangu aliye mbele yangu, nikasogea mbele tena, nikasukuma kwa miguu yote miwili.